Shangazi Asimulia, Simu Yaitikia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeahidi jambo kubwa mbele ya watu watatu. Hapo ndipo mambo yangu huanza kuharibika.

Shangazi amehamia kwetu hadi siku ya upasuaji wa macho, tarehe 18. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na siku hizi ananitambua kwa kikohozi tu. Daktari amemwambia ni kazi ya nusu saa. Shangazi anasema mama yake naye alikwenda hospitali kwa kazi ya nusu saa, na hakurudi. Kwa hiyo kabla ya tarehe hiyo anataka hadithi zake ziandikwe, zile alizoachiwa na mama yake, yaani bibi yangu. Hakuna mwingine aliyebaki anayezijua. Binti yake, binamu yangu fundi cherehani, kaona aseme wazi kwamba mkono wake unajua sindano, kalamu haujui. Mke wangu akatazama dari. Nikajisikia nasema: nitaandika mimi. Kila siku saa kumi alasiri, nikishatoka kazini.

Shangazi alinishika mkono, akasema nimefanana kabisa na marehemu baba yangu. Kichwa kikanivimba.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo acha niseme ukweli. Sikuahidi kwa ajili ya Shangazi peke yake. Pale maktaba ninapofanya kazi, Bi Mkuu ametangaza rafu mpya ya hadithi za mapokeo. Daftari bora litajalidiwa kwa jalada gumu, na jina la mkusanyaji litaandikwa kwenye mgongo wa kitabu. Miaka kumi na tisa nagonga mihuri kwenye vitabu vya watu! Mwenzangu wa kaunta, tunayemwita Faharasa kwa sababu hupanga hata penseli zake kwa urefu, ameshaanza kukusanya hadithi za mama mkwe wake. Hanipiti. Labda nife.

Tatizo ni moja tu, tena dogo. Saa kumi alasiri ndiyo saa ya vita katika ufalme wangu.

Ufalme uko kwenye simu. Mfalme ni sungura mwenye taji, ana minara saba na ghala la rubi, vile vito vyekundu. Nimefika hatua ya arobaini na moja. Kuna mchezaji anayejiita Kifaru Mpole ambaye hunivamia kila siku saa kumi kamili. Nisipokuwepo kulinda lango, anakomba ghala zima. Nina umri wa miaka arobaini na sita. Nimeyasoma haya niliyoandika na nimeona haya.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha kwanza. Shangazi kwenye kiti cha dirishani, mimi kwenye kigoda, daftari gotini, simu ndani ya daftari, sauti nimeizima. Mpango mzuri. Sikio moja kwake, vidole kwangu.

Sikujua kwamba Shangazi ana masharti. Akisema sentensi mbili tatu, ananyamaza. Anangoja. Ni lazima msikilizaji aseme "ehee" ndipo aendelee. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Anasema yeye hawezi kusimulia ukuta.

Nilijitahidi. Ehee ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Kisha Kifaru Mpole akatokea langoni na ngazi zake, nami nikasahau kama nina mdomo. Shangazi akanyamaza. Nadhani alinyamaza dakika tatu. Mwishowe akauliza taratibu kama nimelala. Nikajibu kwamba naandika, asiende haraka. Akaomba radhi. Yeye! Aliniomba radhi mimi!

Kifaru aliondoka na rubi mia mbili. Kwenye daftari mna "Hapo zamani za kale" na mchoro wa mnara.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa. Sijui kwa nini watu hawaniiti mtu mwenye akili.

Mke wangu ana simu ya zamani, kioo kimepasuka, ila kinasa sauti bado kinafanya kazi. Leo asubuhi kabla ya kazi niliingia nayo bafuni nikanasa sauti yangu mwenyewe. Nilisema "ehee" ya kawaida, nikangoja, nikasema "kisha ikawaje?" kwa hamu kubwa, nikangoja tena, nikamalizia na "looo!" ya mshangao. Jogoo wa jirani aliwika mara moja kwenye ile ehee, lakini kwa mbali sana. Nikaipanga sauti ijirudie yenyewe, na nafasi katikati.

Mke wangu alinikuta mlangoni mwa bafu akaniuliza nilikuwa nashangaa nini humo ndani. Nikamwambia maji ni ya baridi.

Jumatano hiyohiyo, alasiri

Imefanya kazi! Simu ya zamani chini ya kigoda, simu yangu mkononi. Shangazi anasimulia, simu inaitikia, mfalme sungura analinda lango. Rubi hata moja haikuondoka. Kila mtu ameridhika. Shangazi alisema leo nimesikiliza vizuri kuliko jana.

Hapo nilijisikia vibaya kidogo. Nikanywa maji, ikapita.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini. Siku nzima nimewatazama wasomaji. Binadamu ni kiumbe wa ajabu sana. Yupo mama mmoja husoma ukurasa wa mwisho kwanza, akiona waliooana wanafaa, ndipo anaazima. Yupo bwana mwingine husoma akiwa amesimama saa tatu nzima, maana kwa maoni yake ukikaa umeshakubali kuazima. Na leo nimekuta kitabu cha mapenzi kimerudishwa na alama ya ukurasa iliyokatwa kwenye kadi ya mwaliko wa harusi. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu nikijiuliza.

Kisha yupo Mwalimu Mstaafu. Huyu anaingia saa tatu asubuhi, anatoka tukifunga. Gazeti moja linamtosha kutwa nzima, amelifungua mbele ya uso wake, wala hujamwona akigeuza kurasa. Kila wiki anaandika katika kitabu cha maoni kwamba simu zimeua usomaji, na kwamba mtu mzima achezaye mchezo wa simu anyang'anywe kadi ya maktaba. Nikipita karibu naye huwa naficha simu kwenye mkono wa shati. Namheshimu. Namwogopa.

Hadithi ya leo ilikuwa ya kobe. Nililisikia neno "kobe" mara nne.

Jumamosi, 8 Machi

Leo simu ilipitiliza. Shangazi alisema amebanwa na kiu. Chini ya kigoda sauti yangu ikasema "kisha ikawaje?" Shangazi akasema, basi, kisha angepata maji angefurahi. Sauti ikasema "looo!" Nikaruka kwenda jikoni.

Nilipotulia akasimulia tena. Ilikuwa hadithi ya msafiri mwenye mizigo. Shuka mbili, ehee. Sweta la kijivu na ndara, kisha ikawaje. Miwani ya zamani isiyosaidia kitu, looo! Cheti cha kliniki, sabuni, kitana. Nilikuwa kwenye vita vikali nikakosa sehemu ya katikati, lakini mwishoni yule msafiri alikuwa bado hajaondoka. Kusema kweli hii ilinichosha. Si kila hadithi ya wazee ni tamu.

Shangazi alionekana ananitazama muda mrefu alipomaliza. Najua haoni.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Faharasa amekuja na daftari lake. Hadithi kumi na moja, mwandiko kama wa mashine, kurasa zina namba, na nyuma ameweka orodha ya mambo yote kwa alfabeti. "Fisi: tazama pia Ulafi." Bi Mkuu akafumba macho kwa raha. Akaniuliza langu lini. Nikasema Jumatano.

Nimefika nyumbani nikafungua daftari. "Hapo zamani za kale." Mchoro wa mnara. Mchoro mwingine wa mnara. "Kobe", nimelipigia mstari.

Ningeweza kumwambia Shangazi ukweli, nikaomba tuanze upya. Wazo hilo lilinijia. Nilikaa nalo labda dakika nzima. Lakini ningemwambiaje? Kwamba siku zote zile alikuwa akiongea na simu ya mke wangu?

Nikachukua kalamu nikaandika hadithi ninayoijua vizuri kuliko zote duniani.

Jumatano, 12 Machi

Bi Mkuu kaipenda! Ameisoma amesimama. Sungura mfalme mwenye minara saba. Sungura aliyepewa uhai mara tatu, akifa anangoja nusu saa chini ya mti kisha anafufuka. Jini wa njiapanda anayemwambia mfalme atazame kwanza maneno ya mchuuzi wa sabuni mpaka mwisho, ndipo ampe uhai wa nne. Bi Mkuu amesema hajapata kuona jini wa namna hiyo katika simulizi za mapokeo, na kwamba mchuuzi wa sabuni lazima ana maana nzito. Nimemwambia bibi yangu alikuwa mtu wa mafumbo.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuza mboga na hakuwa na fumbo hata moja.

Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Bi Mkuu anataka niisome mbele ya watu Ijumaa, na amempigia simu mke wangu ili Shangazi aletwe kama mgeni wa heshima. Shangazi amekubali. Ameomba apigiwe pasi gauni lake la bluu.

Jana na leo sikumwendea saa kumi. Nimesema nina homa. Kweli naisikia.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika haya nikiwa stoo ya magazeti ya zamani. Nimejifungia. Sitoki mpaka wote waondoke.

Watu walijaa. Shangazi mstari wa mbele, gauni la bluu, Binamu pembeni yake amemshika kiwiko. Faharasa karibu na rafu, mikono kifuani. Mwalimu Mstaafu mahali pake, nyuma ya gazeti. Nikapewa kipaza sauti. Nikaanza.

Nilisoma sentensi mbili nikavuta pumzi. Na hapo, kutoka mstari wa mbele, nikasikia, "Ehee."

Shangazi. Alikuwa ananiitikia.

Nikasoma tena. Akaitikia tena. Kila ehee yake ilikuwa tofauti na iliyopita; nyingine ya kungoja, nyingine ya kushuku, nyingine ya kunisogeza mbele nilipokwama. Ukumbi ukamfuata, watu wote wakaanza kuitikia pamoja naye. Sijawahi kusikilizwa namna hiyo tangu nizaliwe, na nilikuwa nasoma upuuzi. Jasho lilidondoka kwenye ukurasa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kipaza sauti.

Nikafika kwa yule jini. Mfalme akakosa uhai wa nne, akafikiria kumhonga jini kwa rubi. Nikavuta pumzi.

Nyuma ya gazeti sauti nzito ikasema, "Usimpe rubi. Hapo mimi nilikwama wiki mbili."

Gazeti likashuka polepole. Mwalimu Mstaafu alikuwa na simu mkononi, ndani ya gazeti, na kwenye kioo chake niliiona bendera ninayoijua kuliko ya nchi yangu. Kifaru wa kijivu, akitabasamu. Mwalimu alitazama simu, akanitazama mimi, akatazama tena simu. Nadhani tulijuana kwa wakati mmoja.

Kijana mmoja akacheka, akasema kwa sauti kwamba hiyo ni hatua ya arobaini na mbili. Basi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Faharasa alicheka hadi akaishikilia rafu ya kamusi. Bi Mkuu hakucheka. Alivua miwani yake akaanza kuifuta, akaifuta, akaifuta. Ni afadhali angecheka.

Kicheko kilipopoa, Shangazi akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Na yule kobe, mwanangu, alifika?"

Sikujua. Nilimsikia kobe mara nne na sikujua alikuwa anakwenda wapi. Nikasema sijui, Shangazi. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeona aibu nyingi maishani, lakini hii ina uzito wake. Sikula. Nilikaa chumbani hadi saa nne, ndipo mke wangu akaja kuniambia Shangazi ananiita, na kwamba nikikawia ataniburuta yeye.

Shangazi hakunigombeza. Ndiyo maana iliuma. Aliniambia alijua tangu siku ya pili.

"Ehee ya mtu haifanani mara mbili," akasema. "Yako ilikuwa ileile, na nyuma yake anawika jogoo. Jogoo gani huyo anawika saa kumi alasiri kila siku, ndani ya nyumba?"

Jumamosi ile aliamua kuhakikisha, akaisomea simu vitu alivyofungasha kwenye sanduku lake la hospitali. Kumbe yeye ndiye yule msafiri. Simu ikasema looo.

Nikamuuliza, macho sakafuni, kwa nini basi aliendelea. Akasema alikuwa akingoja nichoke. Mtoto akidanganya huchoka, akaona na mimi nitachoka. Kisha akasema kwamba kila jioni baada ya kikao alijisimulia mwenyewe kimoyomoyo ili ahakikishe bado zimo kichwani, na kwamba sasa mbili hazimo tena. Amezitafuta hazipati. Alisema hivyo akipapasa pindo la shuka.

Binamu alikuwa amekaa kitandani wakati wote. Akaniomba nimwonyeshe ile simu ya zamani. Nikampa. Akabonyeza. Ehee, na jogoo wake.

"Simu ulikuwa nayo," akasema Binamu. "Kinasa sauti unajua kukitumia. Mama yangu amekaa mbele yako anasema. Ukajirekodi wewe?"

Naapa wazo hilo halikuwahi kunipitia kichwani, hata siku moja, hata kwa bahati mbaya.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimekuwa mtu mpya. Naandika tarehe kwa makusudi.

Mbele ya Shangazi, Binamu na mke wangu, nimeufuta ufalme. Minara saba, rubi elfu tatu, vyote. Sungura alipunga mkono kioo kilipofifia, na mimi, mtu mzima, nikasema samahani. Kisha nikaapa: simu yangu haitauona mchezo huo tena. Nikamkabidhi mke wangu simu yenyewe aitunze hadi upasuaji upite. Mke wangu aliiweka kwenye kopo la unga.

Shangazi akasema atanisimulia moja tu, ya kobe, kwa sababu ndiyo mama yake aliyoipenda, na nguvu za zaidi ya moja hana. Tukaiweka ile simu ya zamani mezani mbele yake, ikinasa sauti. Mimi nikakaa mikono mitupu.

Mama mmoja alikuwa na binti aliyeolewa mbali. Akampa kobe ujumbe ampelekee. Kobe aliuweka mdomoni usidondoke. Njiani kila aliyekutana naye alimsalimu, naye hakuweza kuitikia, kwa maana angefungua mdomo. Watu wakamwita mwenye majivuno. Wakamtupia mawe, ndiyo maana gamba lake limejaa nyufa. Hakufungua mdomo. Alitembea miaka na miaka, akafika, akamkuta binti naye ameshakuwa bibi kizee. Kobe akafungua mdomo, ujumbe ukatoka. Ulikuwa maneno manne tu: chungu kiko motoni, rudi. Bibi kizee akainuka, akarudi kwao. Akakuta jiko linawaka. Mama yake alikuwa amekufa zamani, lakini jirani, na baada yake mtoto wa jirani, kila siku walitia kijiti kimoja, kwa sababu waliombwa.

Katikati kuna wimbo, anaouimba kobe kwa puani kwa kuwa mdomo umefungwa. Hakuna maneno ndani yake, ni mvumo tu unaopanda na kushuka. Shangazi alipouanza sauti yake ikawa ya mtu mwingine, mtu niliyemjua nikiwa mdogo sana. Nililia. Niliitikia kila mahali palipotakiwa na sikukosa hata mara moja. Binamu naye alilia, akasema ni vumbi la vitambaa.

Alipomaliza Shangazi akapumua kama aliyetua kuni. Akasema, "Nimeshaitua. Sasa ni yako, mimi siirudii tena."

Binamu amenisisitizia niipe ile sauti jina, nimtumie nakala leo hii hii. Nimemwambia kesho, leo moyo umejaa. Wala sikuuandika wimbo, maana hauandikiki. Umo kwenye simu.

Jumanne, 18 Machi

Hospitali. Benchi la kungojea. Watu kumi na wawili, wote tunasoma bango moja kuhusu kunawa mikono. Nimelisoma mara thelathini. Mtu akiwa na hofu husoma chochote kilicho mbele yake, na ukimuuliza kimesema nini hajui. Niliinama nikamwomba Mungu, nikaahidi mambo mengi sana.

Nusu saa kweli. Shangazi akatoka akitembea kwa miguu yake, jicho moja limefunikwa, jingine wamepanga mwezi ujao. Nilishukuru mpaka muuguzi akaniomba nipunguze sauti.

Jioni walimtoa bandeji ili waangalie. Akanitazama. Miaka minne hajaniona usoni. Alinitazama juu mpaka chini, kisha akasema kumbe sikufanana na baba yangu hata kidogo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi kazini. Kitabu cha Faharasa kipo rafuni, jalada gumu la kijani, jina lake kwenye mgongo kwa herufi za dhahabu. Nilipewa kazi ya kukigonga muhuri. Nimeugonga ukakaa upande. Si makusudi. Ni makusudi kidogo.

Bi Mkuu amesema nikimletea ile ya kobe imeandikwa vizuri, na wimbo wake kwenye kaseti au chochote, atafikiria. Hakunitazama aliposema. Nimesema itafika.

Karibu na saa sita Mwalimu Mstaafu alinijia kaunta. Tangu asubuhi tulikuwa tunakwepana kama watu waliokutana mahali pabaya. Alijifanya anaulizia kitabu cha historia. Kisha, bila kuinua macho, akanong'ona kwamba lango langu la mashariki lilikuwa limejengwa kwa ufundi mkubwa. Miezi minane amelishambulia na hajawahi kulibomoa zaidi ya mara mbili. Anasikitika kuona bendera yangu imeshushwa. Kuna ligi mpya, akasema, inaanza Jumamosi, ya falme mbili mbili. Yeye hana mwenzake.

Nilimwambia nimeapa. Akasema anaheshimu kiapo. Akaondoka na kitabu cha historia.

Hakuna aliyewahi kulisifu lango langu la mashariki. Mke wangu hajui kama lipo.

Jumamosi, 22 Machi

Leo ni siku njema sana. Shangazi amesoma kichwa cha habari cha gazeti kwa jicho lake mwenyewe, kwa sauti, mara tatu. Nyumba nzima ina furaha. Mke wangu amenirudishia simu yangu, inanukia unga.

Nimekifikiria sana kile kiapo, kama mtu mwaminifu anavyotakiwa kufikiria. Nilisema nini hasa? Nilisema: simu yangu haitauona mchezo huo tena. Ndivyo nilivyosema, na ndivyo itakavyokuwa! Simu yangu ni safi. Ila ile ya zamani si yangu, ni ya mke wangu, na hakuna aliyeitaja.

Ilileta ukaidi kidogo. Ilisema nafasi imejaa, mchezo hauingii. Nilipekua nikaona picha za zamani za mke wangu, hizo sikuzigusa, nisitafute ugomvi. Zile ehee zangu nikazifuta, kwa heri jogoo, lakini hazikuachia nafasi yoyote ya maana. Chini kabisa palikuwa na kitu kimoja kikubwa mno, kirefu karibu saa nzima, hakina hata jina, kimekalia nusu ya simu bure. Nikakifuta. Mchezo ukaingia mara moja!

Kifaru Mpole na Sungura, falme mbili bega kwa bega. Vita vya kwanza saa kumi. Lango la mashariki nimeshaanza kulijenga upya, na mara hii nitalipandisha ghorofa.

Binamu amepiga simu sasa hivi. Anakuja kesho saa nne na fundi mwenzake, anataka amsikilizishe ule wimbo wa kobe, kisha anakili. Anasema wiki nzima unamzunguka kichwani na mwisho wake umempotea. Amemuuliza Shangazi, Shangazi kamwambia ameshautua, amuulize mimi.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Umo kwenye simu ya zamani, salama kabisa.